Pua Mbili Mbovu na Arusi Moja

Kambi ya Wakimbizi ya Jomvu, Mombasa
12 Februari 1992

Kwa ndugu yangu Zakiya wa Mjomba Badi,

Assalam alaykum. Kabla sijakusalimia vizuri nataka kukwambia jambo ambalo sijamwambia mchu yeyote (Baba angesema "mtu"), si Mama, si Dada Kulthumu, na Bibi ndiyo hata usithubutu kulitaja mbele yake. Pua yangu haifanyi kazi. Haijaziba, napumua kama kawaida, lakini sisikii harufu ya kitu chochote. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Ilianza na mafua. Kambi nzima tulipigwa, homa siku tatu, kikohozi, macho mekundu kama ya pweza. Wenzangu walipona wakaendelea na mambo yao. Mimi nilipona, nikaenda kuteka maji kwa ile njia ya nyuma inayopita vyooni. Wanawake waliokuwa mbele yangu walikuwa wamejifunika leso mpaka machoni, wanakwenda mbio. Mimi napita polepole, natazama kunguru. Mmoja akageuka: "We mtoto, umepagawa?" Nikajifunika haraka, nikakimbia na mimi. Nilikuwa nakimbia harufu nisiyoisikia, Zakiya!

Nilipofika nyumbani nikachukua sabuni mpya nikaibandika puani. Hakuna. Nikakata kitunguu, machozi yakanitoka kama kawaida, lakini kitunguu chenyewe hakipo. Nikamwinamia Mama nyuma ya shingo akisuka ukili, akaniuliza natafuta chawa au nini. Hata Mama hana harufu. Na chakula nisikwambie. Wali ni kama kutafuna karatasi ya daftari, na samaki ni kama karatasi hiyo hiyo iliyolowa.

Unajua kwa nini nalificha. Dada Kulthumu ataolewa na Adnan baada ya Idi, na Adnan ni mtu wa Kudha, na watu wa Kudha wana shangazi yao Bi Barke. Desturi yetu unaijua: udi wa arusi huchanganywa na nyumba ya biarusi, na siku ya hina chetezo kinapitishwa kwanza chini ya buibui za shangazi za bwana arusi. Wakipiga vigelegele, heri. Wakinyamaza, biarusi atasimangwa mpaka apate wajukuu. Na wewe mwenyewe ndiye uliyeandika maneno ya Bibi Mwanahija mwezi uliopita: "Sisogei Chovae. Samiha nimempa pua yangu, udi atauchanganya yeye."

Sasa fikiria. Wenye bunduki wameshafika hapo kisiwani Chovae mara mbili, wamebeba mashine za mashua, wamebeba hata masufuria. Baba kila siku anasema Bibi aletwe. Nikisema kweli kwamba mimi siwezi, Bibi huenda akaja, maana hatakubali mjukuu wake aolewe kwa udi wa dukani. Nikinyamaza, atabaki huko na bunduki zao. Ninalopaswa kufanya nalijua. Lakini Kulthumu ni mzuri, na wewe una ulimi. Mimi wageni wakija naingia nyuma ya pazia, na hutolewa kukiwa na kitu cha kunusa tu. Pua ikienda, nabaki nani?

Kwa hivyo nangoja irudi, kimya. Nakuomba wallahi usimwambie mchu. Nakuandikia kwa Kiswahili hiki alichotufunza Baba barazani Kismayu tukitoka shule, kwa sababu Kisomali cha shuleni nakijua cha hesabu na jiografia tu. Cha kusema aibu yangu hawakutufunza.

Wako,
Samiha


Chovae
27 Februari 1992

Samiha,

Maneno ya Bibi haya hapa. Amenishika sikio nisipunguze hata moja.

"Samiha, mwanangu. Salamu nyingi kwako na kwa mamako. Nasikia babako anataka kunitoa huku kama kuku kwenye tenga. Mwambie sitoki. Nina nyumba, nina kisima, nina mbuzi mwenye kiburi kuliko yeye. Lakini najua mchu wa kambini hapati ambari wala miski. Basi udi nitaupika mimi mwenyewe, mkebe utakuja na Mahmudi wa mashua. Kazi yako ni kuunusa tu. Ukiona waridi limepungua, ongeza waridi. Ukiona umezidi utamu, niandikie kwa siri, usimwambie mamako. Mimi sina shaka, ila wewe unuse. Haya, nimemaliza. Zakiya, umeandika hilo la mbuzi?"

Nimeandika hilo la mbuzi.

Sasa ni mimi. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya chombo anachokiunda Baba, nimejificha ndani ya mbavu zake. Nimecheka, kisha nikaacha kucheka, kisha nikacheka tena, na siwezi kukueleza kwa nini. Nimeapishwa, Samiha. Si na wewe. Ni jambo jengine, usiniulize.

Mafua hayo yalipita na huku mwezi wa Rajabu. Hata kuku walikohoa. Mimi hayakunishika. Papa wa mwaka huu ni wengi, wameanikwa uani mpaka hatuna pa kupita, na Bibi siku hizi anakaa upande ule ule upepo unakoelekea, anasuka, hasogei. Tukimwambia asogee anasema ana shughuli.

Wenye bunduki hawajarudi. Mashine ya Mahmudi imezikwa mchangani, imefunikwa nyavu na juu yake tumewatandikia kuku. Usimwambie mchu. Ona jinsi siri zinavyoniingia kama maji kwenye chombo.

Zakiya


Kambi ya Jomvu
14 Machi 1992, Ramadhani 9

Zakiya,

Umeapishwa nini? Mtu huandika kwamba ameapishwa halafu akasema usiulize? Ungenitia mwiba wa changu kooni ningekushukuru zaidi.

Lakini umeniletea furaha. Ule mstari wa "kazi yako ni kuunusa tu" nimeusoma mara nne. Udi wa Bibi una haja gani ya kunuswa? Nitainamia mkebe, nitafumba macho, nitasema mashallah, basi.

Tabu yangu sasa ni Ramadhani. Umesahau nilivyokuwa nikifanya Kismayu? Mama hataki mpishi aliyefunga aonje hata kwa ncha ya ulimi, na safu yetu yote ya hapa kambini wamemfuata. Ikifika alasiri wananiita. Watu husema chumvi haina harufu, lakini mchuzi uliopungua chumvi mvuke wake hupita puani bila kukugusa, na uliokolea mvuke wake husimama. Mimi huinama, nasema ongeza au acha, na magharibi watu wanafuturu kwa amani.

Siku ya kwanza Bi Ummi wa jirani alinifunulia sufuria. Nikainama. Mvuke uliniunguza pua na haukuniambia lolote. Nikamwona ameshashika chumvi mkononi, nikasema, "Ongeza kidogo." Nikaona ni neno salama. Nikalisema kwenye sufuria ya pili na ya tatu na ya nne na ya tano. Zakiya, siku hiyo watu walikwenda tarawehe kwa foleni, si ya msikitini, ya bombani. Baba alirudi ameshika tumbo, akasema, "Mwaka huu Ramadhani ina kiu." Siku ya pili nikaona nigeuze, nikasema yatosha, yatosha, kila sufuria. Tukafuturu maji ya kuoshea mchele.

Bi Ummi akanishika kidevu mbele ya watu: "Samiha mwanangu, ni nani?"

"Nani nini?"

"Msichana pua haimpotei hivi hivi. Ni mapenzi. Niambie ni nani nikamwangalie."

Tangu siku hiyo wananitazama ninamtazama nani. Mimi simtazami mtu yeyote, na hilo ndilo wanalosema ndiyo ushahidi wenyewe.

Jana nikakusanya roho nikaenda kwa nesi. Nikamwambia nina rafiki yangu hasikii harufu tangu mafua. Akaniuliza, "Rafiki yako ana miaka mingapi?" Nikasema kumi na sita, kama mimi. "Anakaa wapi?" Nikasema karibu na kwetu. "Karibu kiasi gani?" Nikajishika pua. Hakucheka, Mungu ambariki. Akasema ni virusi vya mafua, hupanda mpaka juu ndani ya pua kwenye vile vishipa vidogo vya kunusia vikaviharibu, na ladha ya chakula nyingi tunaisikia kwa pua, ndiyo maana ulimi nao hulala. Huota tena. Kwa wengine wiki chache, kwa wengine miezi. Na kwa wengine, akainua mabega. "Mwambie rafiki yako asiachiwe moto peke yake," akasema, "na asile kitu kilicholala bila mtu kumnusia. Na amwambie mamake."

Nimemwambia nitamwambia rafiki yangu.

Samiha


Chovae
22 Machi 1992

Samiha,

Bibi anasema:

"Mwanangu, mkebe huu hapa. Nimeupika siku mbili. Sukari nimeagiza Kismayu, mjombako Badi amekwenda chini ya risasi amerudi na nusu kilo iliyolowa, na akaniambia mama, siku nyengine agiza roho yangu moja kwa moja. Ambari ni ile ya babuko. Nimetia nusu, nusu nimeifunga kwenye upindo wa leso, nani ajuaye. Nimeunusa mwenyewe mara tatu. Nimeufunga kwa nta mkono wangu. Wewe unuse pia, kisha unijibu haraka. Haraka, Samiha. Nangoja neno lako."

Yangu ni machache. Mkebe usiufungue sasa. Ufungue siku ya hina, mbele ya Bi Barke, si kabla. Usiniulize. Na ukimaliza kunichukia, uniandikie.

Zakiya


Kambi ya Jomvu
6 Aprili 1992

Kwa Bibi yangu mpenzi, Mwanahija,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Idi mubarak. Mkebe umefika salama na Mahmudi, naye anarudi leo, kwa hivyo naandika mbio.

Bibi, nimeunusa. Nilipofungua kifuniko nyumba nzima ilijaa waridi, kisha likafuata miski, na ambari ikaja nyuma yao taratibu kama mtu mkubwa anayeingia mwisho. Nilijiona nimekaa uani kwako. Kulthumu amelia. Hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza. Mkono wako ni ule ule.

Usiwe na wasiwasi na arusi, Bibi. Kila kitu kimekamilika. Hata usipoweza kuja, tumeridhika.

Mjukuu wako,
Samiha


Kambi ya Jomvu
13 Aprili 1992

Zakiya,

Nakuchukia. Sasa nimemaliza kukuchukia, nakuandikia.

Ile barua niliyompelekea Bibi ni ya uongo kuanzia mkebe. Sikuufungua. Ulisema nisiufungue, nami niliona kuna faida gani, nikiufungua nikiufunga kwangu ni sawa. Nikaandika waridi na miski kwa kukumbuka tu.

Jana ilikuwa siku ya hina. Bi Barke alikuja na shangazi wenzake wanne, buibui mpya, wamekaa mstari mmoja mkekani. Kulthumu katikati, miguu imenyooshwa. Bi Barke akasema, "Haya, tuone nyumba ya Chovae ina nini. Pua yangu imetembea kutoka Kudha mpaka hapa, haijachoka." Mama akaniita nyuma ya pazia. Nikatoka na chetezo, nikakata nta kwa kisu, nikatia kipande kwenye makaa.

Ukatoka moshi mzuri, Zakiya. Mweupe, mnene, unapanda umejikunja. Niliona nimefaulu. Nikatabasamu.

Shangazi wa kwanza akasimama. Wa pili akatoka nje bila viatu. Bi Ummi alikuwa anakohoa na kupiga mkeka. Kulthumu amejifunika uso kwa mikono yenye hina mbichi, na ulipoondoka mkono ukabaki umechorwa shavuni. Mimi nimesimama na chetezo changu, bado natabasamu, nikidhani ni furaha.

Bi Barke hakuondoka. Alibana pua kwa vidole viwili, akasema polepole: "Mnamwoza mtoto au mnapaka chombo?"

Ndipo nikaelewa. Ilikuwa sifa, Zakiya. Mafuta ya ini la papa, yale Mjomba Badi anayopaka mbao za vyombo vyake yakamfukuza hata mbwa. Udi umekaa wiki tatu ndani ya mkebe wa sifa ukanywa mpaka ukashiba.

Mama akapiga kelele, "Samiha! Si uliniambia umeunusa? Si umemwandikia Bibi umeunusa?"

Wote wakanitazama. Pazia lilikuwa hatua tatu nyuma yangu. Sijui nini kilinizuia nisiingie. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Sisikii harufu. Tangu mwezi wa Januari, tangu mafua. Sisikii udi, sisikii sabuni, hata huu moshi siusikii."

Bi Ummi akasema, "Kwa hivyo ile chumvi..."

"Ndiyo, Bi Ummi."

"Na si mapenzi?"

"Si mapenzi."

"Ee Mola," akasema, "bora yangekuwa mapenzi."

Ndipo mtu mmoja akaanza kucheka, nadhani ni Kulthumu, na shavu lake la hina. Wakacheka wote mpaka wale waliotoroka wakarudi dirishani kuuliza kuna nini. Mama alicheka akilia, akanivuta kichwa akaniweka kifuani kama mtoto mchanga, akanisuta: "Miezi mitatu! Unakula karatasi miezi mitatu na mimi nipo!"

Bi Barke peke yake hakucheka sana. Alisema arusi itasogea mwezi mmoja, mpaka Mfunguo Pili, na ikifika siku hiyo nyumba yetu haina udi wake, atachoma wake wa Kudha. Unajua maana yake. Kulthumu ataingia kwa mumewe akinuka ukoo wa mumewe, kama aliyetoka kwa watu wasiokuwepo.

Lakini kitu kimoja kimeninyima raha tangu jana. Bibi alisema ameunusa mara tatu. Bibi, aliyekuwa akijua samaki alivuliwa alfajiri au jioni kwa kupita tu karibu na tenga. Aliunusaje?

Nijibu. Na hili sasa naliuliza.

Samiha


Chovae
25 Aprili 1992

Samiha,

Barua zako mbili zimefika siku moja, mfuko mmoja. Mahmudi alikwama Lamu kwa upepo, aliyebeba ya pili akamkuta huko. Bibi akasema nimsomee kwa mpango, ya mwanzo kwanza.

Nikasoma ya mwanzo. Nilipofika pale ambari inaingia kama mtu mkubwa, Bibi alifumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi sikuharibu." Alishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nikasema, "Bibi, kuna ya pili."

Nikasoma ya pili. Yote, hata pale ulipoandika unanichukia. Nilipofika "mnapaka chombo" aliinama. Nilidhani analia. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango anacheka, hana sauti, meno yake mawili yote nje. Kisha akasema, "Mnafiki mdogo. Kaniiga mimi."

Sasa naweza kuandika, amenifungulia kiapo. Bibi hasikii harufu tangu Rajabu, mafua yale yale. Aliniapisha juu ya msahafu nisiseme wala nisiandike. Halafu ikaja barua yako, unaniapisha vile vile, jambo lile lile. Miezi miwili nimekaa katikati yenu kama mchu aliyebeba mayai kwa mikono miwili na mbu amemtua puani. Wewe unaandika usimwambie Bibi. Bibi ananiambia usimwambie Samiha. Yeye anakutegemea wewe uunuse, wewe unamtegemea yeye ameshaunusa. Na udi uko kwenye mkebe wa sifa aliouchukua chini ya kitanda, akaupangusa vizuri, akauona msafi.

Mimi niliusikia, naam. Nilipouinamia ili nishike kifuniko apake nta, chakula changu cha daku kilitaka kurudi. Udi ulikuwa umeshaharibika, Samiha, hapakuwa na cha kuokoa. Nikafikiri haraka. Kiapo changu kwake ni cha kutosema na kutoandika. Kwako pia. Kunyamaza na kufunga mkebe hakukuwemo kwenye kiapo. Nikaona mkebe wenyewe useme. Kuhusu Bi Barke nisamehe, nilitaka awepo mtu ambaye hatawaonea haya.

Nilimuuliza Bibi kwa nini hakusema. Akaniambia, na hili aliniruhusu niliandike: "Huku mimi ni Mwanahija wa udi. Hata wale wenye bunduki, mmoja alinijua, akasema mama yangu aliolewa kwa udi wa huyu, akaniachia sufuria moja. Kule ningekuwa nani? Kizee kimoja zaidi kwenye foleni ya unga, hana hata pua."

Nikamwambia, "Samiha naye anajiuliza hivyo hivyo, kule kule." Akafungua upindo wa leso, akaitazama ile nusu ya ambari. Halafu akasema, "Pua mbili mbovu na arusi moja. Itatosha. Fungasha."

Mashine ya Mahmudi tumewaondoa kuku juu yake jana. Wanatoka keshokutwa kabla kusi haijachafua bahari. Mimi sitakuja sasa, Baba hataki kuacha chombo chake nusu, anasema akimaliza tutakuja ndani yake wote na mbao zinazobaki. Mbuzi nimeachiwa mimi. Ameshanipiga pembe mara moja.

Bibi anasema: "Nakuja. Uongo wako ulikuwa mzuri. Usirudie."

Zakiya


Kambi ya Jomvu
19 Mei 1992

Zakiya wangu,

Amefika! Siku tano baharini na mbili Lamu, amefika amekonda, analalamika chai ya Lamu haina ladha. Mahmudi akamwambia, "Bibi, wewe ndiye huna ladha." Akampiga na kiatu.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kuomba radhi. Nilipomshika mkono yote yalinitoka. Aliniinamia shingoni akavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya zamani, akasema, "Hakuna kitu." Nami nikamnusa leso yake, nikasema, "Hakuna kitu, Bibi." Tukatazamana. Mama alitukuta tumekaa chini tumeshikana tunacheka kama wendawazimu.

Sasa sikiliza alichofanya. Siku ya pili tu alijitanda akaniambia nimpeleke kwa Bi Barke. Akaingia, akakaa, akanywa kahawa asiyoisikia, akasema: "Barke, mwanangu. Nyumba yetu ina ambari, ina mikono, ina ujuzi wa miaka sitini. Pua haina. Tuazime yako."

Bi Barke akasema, "Mimi ni upande wa bwana arusi. Mimi ndiye wa kuhukumu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Bibi akasema, "sikwenda kwa mwenye pua ndogo."

Ungemwona! Alijaribu kukunja uso ukakataa. Asubuhi ya pili alikuja na kiti chake, akakaa uani kwetu juu yake kama kadhi, na sisi chini na sufuria. Bibi aliijua sukari kwa sauti. Zakiya, sukari ikiiva kwa udi inabadilisha mlio, mimi sikujua, sikuwahi kuusikiliza kwa sababu nilikuwa na pua. Mimi nilikuwa mikono, natia tone tone. Na Bi Barke juu: "Waridi." "Bado." "Bado." "Basi! Basi, nimesema, mnaniziba!" Mara moja alibishana na Bibi juu ya miski mpaka majirani wakaja kuamua. Bibi alisema, "Barke, miaka sitini!" Bi Barke akasema, "Na pua je, ina miaka mingapi?" Bibi akakubali, akapunguza. Sijawahi kumwona Bibi akipunguza kwa neno la mtu.

Arusi ilikuwa juzi. Siku ya hina chetezo kikapitishwa chini ya buibui za shangazi, na sote tukamtazama Bi Barke. Akavuta pumzi moja ndefu. Sasa angesema nini? Udi ni wake! Alipiga kigelegele mpaka watoto wakaja mbio wakidhani kuna maji bombani. Shangazi mmoja akauliza nani kautengeneza. "Sisi," akasema. Kulthumu aliolewa, na Adnan alikuwa amevaa kanzu fupi ya kuazima, na alikuwa mzuri vile vile.

Pua yangu imeanza kurudi, lakini imerudi na wazimu. Kahawa inanukia mpira unaoungua. Ndizi hainuki kitu. Bibi anasikia karafuu maiti peke yake, anasema ni bahati mbaya hiyo ndiyo iliyoanza kurudi kwa mtu wa umri wake. Nesi anasema ni dalili njema, hata hiyo ya mpira. Nilimpelekea rafiki yangu mwenyewe safari hii.

Na kitu kimoja zaidi. Ile barua yangu ya uongo, ile ya ambari inayoingia kama mtu mkubwa, Bibi ameileta kwenye upindo wa leso, na amemfanya Kulthumu awasomee wanawake wote wa safu. Nilitaka kufa. Bi Barke alipomaliza kuisikiliza akasema, "Mtu anayeandika uongo namna hii, akiandika kweli itakuwaje?" Basi tangu wiki jana wanakuja. Bi Ummi ana mtoto wake Kismayu hajui kama yuko hai. Mwengine ana mume Yemen. Wanakaa mbele yangu wanasema, mimi naandika, na wakilia nangoja. Hakuna anayeniita ninuse. Nimekaa mbele ya pazia siku nzima, Zakiya, na nimegundua nikiwa na kalamu mkononi watu siwaogopi.

Ngoja, kuna nyayo. Ni wawili, Bibi na Bi Barke, wanabishana tangu kule bombani, na wanakuja hapa. Wataniuliza naandika nini. Bi Barke hajui kusoma, na Bibi anasoma herufi za Kiarabu tu, ningeweza kuwaambia ni hesabu za shule. Nilikuwa nimeshaanza kuikunja hii karatasi niitie chini ya mkeka. Nimeinyoosha tena. Wako mlangoni sasa, wanavua viatu. Nitawasomea yote kwa sauti yangu, na pale nilipoandika kama kadhi sitaparuka.

Wako,
Samiha